Mwanangu kaleta boa nyumbani, sasa hataki kula na macho yamefunga ukungu

Asalaam aleykum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, sasa tunaishi Leeds, Uingereza. Mwanangu mkubwa, ana miaka 17, amepewa nyoka na rafiki yake ambaye kaenda kuanza chuo mji mwingine, na bwenini kwao wanyama hawaruhusiwi. Ni boa, wale wa Amerika, urefu wake kama mita moja na nusu, kahawia, na mkiani ana mabaka mekundu. Alipokuja kuniomba ruhusa tayari alikuwa kamfunga ndani ya foronya. Nikakubali shingo upande, maana kijana ametulia tangu alipompata na nilikuwa namwona mpweke.

Sasa zimepita zaidi ya wiki tatu na nyoka hajala kitu. Tulinunua panya wa kugandishwa dukani, mwanangu akamyeyusha, akamtumbukizia, nyoka akajifanya hamwoni. Usiku kucha panya akalala pale mpaka akanuka. Wiki hii ndiyo nimeogopa zaidi: macho yamekuwa meupe kama yana ukungu, ngozi imefifia, na juzi mwanangu alipoingiza mkono ili awaonyeshe rafiki zake, nyoka alifoka kwa sauti kubwa akamrukia. Hajamng'ata, lakini tangu hapo nalala nusu jicho.

Anakaa kwenye tangi la kioo lililokuwa la samaki, juu lina wavu. Chini kuna kile kimkeka cha umeme cha kupashia joto. Mwanangu akienda shule anakizima, na usiku pia, kwa sababu baba yao analalamikia bili ya umeme. Nimeona pia mambo mawili sijayaelewa: anatoa kitu cheupe kigumu kama chokaa, na karibu na mkia, kwa chini, ana vijimwiba viwili. Je, ni ugonjwa?

Nina binti wa miaka minne, na mama mkwe anakuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Mume wangu anasema tumpeleke tukamwachie msituni nje ya mji, yaishe. Mwanangu analia. Mimi niko katikati. Tafadhali niambie: nyoka huyu anakufa? Ni hatari kwa mtoto? Na tufanye nini naye?

Mama wa Leeds

*

Waaleykum salaam dada yangu,

Kabla ya yote, mwambie shemeji asimpeleke msituni. Boa ni mnyama wa nchi za joto, kwao ni kuanzia Meksiko hadi kaskazini ya Argentina, na usiku mmoja wa baridi ya Yorkshire unatosha kumuua polepole. Tena ni kosa kisheria: sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya 1981 inakataza kumwachia porini mnyama asiye wa nchi hiyo. Na pale ambapo hali ya hewa inamruhusu kuishi, madhara yake ni makubwa. Kisiwa cha Aruba kilianza kuona boa porini mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo wanahangaika nao, wanakula ndege na mijusi ya kisiwa. Kumwachia si njia. Njia zipo nyingine, nitazifikia.

Sasa nikutoe hofu ya macho. Nyoka wako anajiandaa kujivua gamba. Siku kadhaa kabla ya kujivua, maji maji hujaa kati ya ngozi ya zamani na mpya, na kwa kuwa jicho la nyoka halina kope bali limefunikwa na gamba jembamba linalopitisha mwanga, nalo hufunga ukungu. Katika siku hizo haoni vizuri, ngozi inamsumbua, na wengi wao hawataki kula kabisa. Ukimwingizia mkono ghafla, yeye anaona kivuli kikubwa kinamshukia. Kumfokea mwanao na kumrukia hakukuwa ukali wa tabia. Baada ya siku chache utaona macho yamerudi kung'aa, usidhani amepona tu ukamtoa, bado. Siku chache tena ndipo atakapojivua. Gamba likitoka zima tangu midomo hadi ncha ya mkia, ni dalili njema. Likitoka vipande vipande, unyevu ni mdogo. Na kama gamba la jicho limebaki, msilibandue kwa kucha wala kibanio, mtampofua. Apelekwe kwa daktari.

Hiyo chokaa ni mkojo wake. Nyoka hakojoi maji kama sisi, hutoa taka ya mkojo ikiwa imekauka. Vijimwiba ni mabaki ya miguu ya nyuma. Boa na chatu bado wanavyo, na kwa dume huwa virefu kidogo. Hakuna ugonjwa hapo.

Ugonjwa utaingia kupitia jambo ambalo umeliandika kama la kupita tu: mkeka wa umeme unaozimwa. Dada, hapa ndipo penye roho ya mnyama huyu. Wewe na mimi chakula tukila, mwili wenyewe unatengeneza joto la kukisaga. Boa hana joto lake mwenyewe, analichukua nje. Kwa baridi, tumbo lake halifanyi kazi, na mwili wake unalijua hilo, ndiyo maana anakataa kula. Bora alivyokataa. Angemmeza yule panya halafu nyumba ikapoa usiku hadi nyuzi 16, panya angeoza tumboni na angetapika, na boa akitapika anadhoofika sana. Kinga yake ya mwili nayo inafuata joto. Boa wa baridi anapata mafua ya mapafu: anapumua mdomo wazi, anatoa mapovu puani, unasikia kama filimbi akivuta pumzi.

Upande mmoja wa makazi yake unatakiwa uwe na nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi mchana, upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, na usiku kusishuke chini ya nyuzi 22. Aweze kwenda na kurudi kati ya pande hizo, kwa sababu ndivyo anavyojipimia mwenyewe kiasi cha joto anachotaka. Mkeka wa chini ya kioo haufikishi hapo. Unapasha sakafu bila kupasha hewa, na nyoka mzito akiulalia, joto linabanwa chini ya tumbo lake na linamuunguza. Anaweza kuungua vibaya bila hata kujiondoa. Tafuteni taa ya kauri, ile inayotoa joto bila mwanga, ifungwe juu kwa ndani, izungushiwe kikapu cha waya ili asijizonge nayo, na iunganishwe na themostati, kifaa cha kudhibiti joto. Themostati si ya hiari. Bila hiyo, leo atapoa na kesho ataokwa. Wekeni vipimajoto viwili, kila upande kimoja, na msiamini mkono wenu.

Shemeji anaposikia taa ya kuwaka saa 24 atashika kichwa. Mweleze hivi: taa yenye themostati haiwaki muda wote, inajizima joto likifika. Kinachokula umeme ni lile tangi la kioo lenye wavu, maana joto lote linapaa. Sanduku la mbao lenye milango ya kioo kwa mbele linashika joto na unyevu vizuri zaidi, na nchini humo yanauzwa yaliyotumika kwa bei nafuu, watu wanahama kila siku. Kwa boa wa mita moja na nusu, urefu wa sanduku usipungue urefu wa nyoka mwenyewe, aweze kujinyoosha. Akikua, nalo likue. Milango iwe na kufuli. Nasisitiza kufuli: boa ana nguvu, na usiku kucha anasukuma kila pembe kwa pua yake akitafuta penye upenyo.

Ndani muwekee maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, ya kumbana mwili pande zote. Akiwa na ficho moja tu atachagua usalama na kuacha joto, au kinyume chake, na vyote viwili anavihitaji. Bakuli la maji liwe zito na pana. Chini tandazeni makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yanauzwa maduka ya wanyama, na wewe mtu wa Tanga huna haja ya kuelezwa jinsi makumbi yanavyoshika unyevu. Msitumie maranda ya mwerezi, yana mafuta yanayomdhuru. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 50 na 65, na wakati huu wa kujivua uongezwe kidogo. Kwa leo, kabla hamjapata lolote jipya, chukueni kopo kubwa la plastiki lenye kifuniko, toboeni tundu la kumwezesha kuingia, ndani wekeni taulo lililoloweshwa maji ya vuguvugu likakamuliwa. Ataingia mwenyewe.

Kisha mwacheni. Hili litamuuma mwanao kuliko yote, kwa hiyo uliseme kwa upole. Nyoka aliyehamishwa nyumba anahitaji wiki mbili hivi za kutoguswa: maji yabadilishwe, uchafu uondolewe, basi. Kuonyeshwa kwa marafiki kila jioni, akiwa kwenye baridi na hana pa kujificha, kumemmaliza. Hataki kula kwa sababu hajisikii salama, na mnyama asiyejisikia salama hamezi kitu kitakachomfanya awe mzito asiweze kukimbia.

Akishajivua na joto likiwa limekaa sawa kwa siku kadhaa, ndipo mjaribu chakula. Panya awe na unene sawa na sehemu nene ya mwili wa nyoka, asizidi. Ayeyuke ndani ya friji usiku kucha, halafu awekwe kwenye mfuko na kutumbukizwa kwenye maji ya moto mpaka awe na joto kama la mnyama hai. Msitumie maikrowevu. Mpelekeeni jioni, taa za chumba zikiwa zimepunguzwa, kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole. Mtikiseni kidogo kama anayetembea. Mtaona ulimi unaanza kutoka haraka haraka, shingo inajikunja, halafu ghafla amemkamata na kumzonga. Zamani tuliambiwa kwamba anamnyima pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Scott Boback walipima panya waliokuwa wakibanwa na boa, wakakuta kinachokatika kwanza ni mzunguko wa damu, ndani ya sekunde chache tu. Boa anauhisi hata moyo wa windo unapoacha kupiga, ndipo anapolegeza.

Asipokula, mwondoeni panya baada ya saa chache na msijaribu tena mpaka zipite siku kumi. Boa mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Mpimeni uzito kwa mizani ya jikoni, iwe ya kwake peke yake, muandike. Uzito ukiwa umesimama palepale, vuteni subira. Ukishuka mfululizo, na mgongo ukaanza kuchomoza kama ukingo wa jembe, hapo si suala la subira tena. Akianza kula, kila baada ya wiki mbili au tatu panatosha. Nimeona boa wengi wa nyumbani wakiumwa kwa unene, ini limejaa mafuta, kwa sababu tu wenyewe walifurahia kuwatazama wakila. Na baada ya mlo asishikwe kwa siku mbili kamili, atatapika.

Panya hao wasichanganyike na nyama ya familia. Mkiweza, pateni kifriza kidogo cha pembeni, na vyombo vya nyoka viwe vyake, visioshwe kwenye sinki la jikoni. Hapa naingia kwenye swali la binti yako. Boa hana sumu, na wa mita moja na nusu hana uwezo wa kummeza mtoto wa miaka minne. Hatari ya karibu zaidi kwa binti yako ni salmonela, bakteria wa kuharisha. Reptilia wengi wanaibeba tumboni bila kuumwa, na mtoto wa chini ya miaka mitano inaweza kumlaza hospitali. Kwa hiyo binti asimshike kabisa kwa sasa, atazame kupitia kioo, na chumba kile asiingie peke yake. Mama mkwe naye, kwa umri wake, afuate sharti hilohilo. Kila aliyegusa nyoka, bakuli lake au matandiko yake anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwanao akiruhusiwa kumshika tena, baada ya nyoka kula mara mbili tatu bila shida, aanze na dakika kumi. Kabla ya kuingiza mkono amguse taratibu kwa karatasi iliyoviringishwa, ili nyoka ajue huyu si chakula. Anyanyue mwili kwa mikono miwili katikati, asimkamate kichwa, na asimvae shingoni hata kwa picha. Akitoka kushika panya au paka anawe kwanza, harufu ndiyo inayomdanganya nyoka. Akija kung'atwa asivute mkono, meno ya boa yamepinda kuelekea nyuma na kuvuta ndiko kunakochana. Nyoka amwagiwe maji baridi kichwani, ataachia. Na kama amejizonga, huanza kuzongolewa mkiani.

Sasa swali kubwa, la kufanya nini naye. Boa huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa. Yuko mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia aliyepita miaka 40. Dume huishia mita moja na nusu hadi mbili, jike anaweza kupita mita mbili na nusu, akawa na kilo zaidi ya kumi, na ukubwa huo hashikwi na mtu mmoja peke yake. Daktari anaweza kuwaambieni ni dume au jike, na jibu hilo libebe uzito katika uamuzi wenu. Mwanao ana miaka 17. Mwakani au mwaka wa pili naye ataondoka kwenda chuo, na bwenini kwake hawatamruhusu, kama hawakumruhusu rafiki yake. Atakayebaki na nyoka ni wewe. Kaa naye muulizane hilo sasa, kabla kijana hajazidi kumzoea. Sheria ya nchi haihitaji kibali maalumu kwa boa, lakini sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamtaka anayemfuga ampe mazingira, chakula na matibabu yanayomfaa, na kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba aulizwe.

Maoni yangu, kwa vile umeniuliza: mpeni kijana nafasi, kwa masharti. Anunue taa, themostati na sanduku kwa pesa zake za kazi za wikiendi, aandike daftari la joto na uzito, na mkubaliane tangu leo nani atamchukua akiondoka. Nimewaona vijana wapole na wapweke wakikomaa kwa kutunza mnyama wa namna hii, kwa sababu hamlazimishi akupende, anakutaka umwelewe. Lakini kama moyoni umeshajua hutaki kubaki naye, hakuna dhambi. Zipo jumuiya za wafugaji wa reptilia na vituo vya uokoaji vinavyopokea boa. Pigeni simu mapema, vingi vina foleni, na mumtunze vizuri mpaka nafasi ipatikane.

Mama mkwe aambiwe kabla hajapanda ndege. Kwetu tulivyolelewa, nyoka akionekana ndani anapigwa, na wengine watasema katumwa. Asije akafungua mlango usiku akitafuta msala akakutana naye bila habari. Nyoka mhamishieni chumba cha kijana chenye kufuli, na bibi aoneshwe kufuli hiyo siku ya kwanza.

Mwisho, mpigieni yule rafiki simu. Mumuulize alikuwa akimlisha panya wa ukubwa gani, mara ngapi, alikula lini mwisho, na je, alikuwa akikaa na nyoka wengine? Swali hili la mwisho lina sababu. Kuna ugonjwa wa virusi unaowapata boa na chatu, virusi vyake viligunduliwa na watafiti wa California mwaka 2012, na boa anaweza kuubeba muda mrefu bila dalili. Hauna tiba. Dalili zikija ni kutapika mara kwa mara, kupoteza mizani, na kichwa kuelekea juu kama anayetazama nyota. Mkimpeleka kwa daktari wa reptilia, si kila daktari wa paka na mbwa anawajua, ombeni kipimo cha damu cha ugonjwa huo, na amkague utitiri chini ya magamba ya kidevu na kuzunguka macho. Mchukulieni na kinyesi kwenye kichupa, na lile daftari la uzito. Asubuhi ya safari asiwe amelishwa, afungwe ndani ya ileile foronya, fundo liwe gumu, ndani ya sanduku lenye chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa taulo, na gari lipashwe joto kabla hajatolewa ndani.